Kutoka katika deni la kadi ya mkopo kwa kipato cha msimu: mwongozo kwa wakazi wa Lamu

Benki huhesabu kwa mwezi, na mwezi wake haujui kusi wala kaskazi. Taarifa ya kadi ya mkopo hufika tarehe ileile, Januari wakati Shela imejaa wageni na boti hazipumziki, na Mei wakati mvua ya masika imefunga nyumba za wageni na mvuvi anaitazama bahari akiwa ufukoni. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, kama mwalimu au mfanyakazi wa kaunti, mpangilio huo hauna taabu kubwa. Kwa nahodha wa boti la watalii, kwa mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne Mkomani, kwa fundi wa milango ya kuchonga, hapo ndipo deni linapozaliwa: hutumia kadi katika miezi mikavu akitumai miezi ya neema, na miezi ya neema inapofika hulipa kidogo, kwa sababu benki yenyewe imemwambia kwamba kidogo kinatosha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao. Mimi ni mweka hazina wa chama cha mtaa huku Langoni, na kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakiniletea taarifa zao za benki wakitaka tuzisome pamoja, mara nyingi baada ya sala ya isha, wakati hakuna mtu wa tatu. Nimejifunza zaidi kutokana na deni langu mwenyewe, ambalo nitalieleza mahali pake.

Jinsi deni la kadi linavyokua

Kadi ya kawaida ya benki hutoa pesa zako zilizomo katika akaunti. Kadi ya mkopo hulipa kwa pesa za benki, kisha kila mwisho wa mzunguko wa hesabu benki hukuletea taarifa yenye mambo matatu ya kusomwa kabla ya mengine yote: salio lote unalodaiwa, malipo ya chini kabisa yanayokubaliwa, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa salio lote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi yako kwa kawaida hayatozwi riba. Ukilipa pungufu, hata kwa shilingi elfu moja, unafuu huo huondoka, na kadi nyingi huhesabu riba tangu siku ya ununuzi, wala si tangu siku uliyoshindwa kulipa.

Kiini cha tatizo ni yale malipo ya chini kabisa. Tuseme unadaiwa shilingi 60,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na benki inakutaka ulipe angalau asilimia 5 ya salio. Mwezi wa kwanza riba ni 1,800, salio linafika 61,800, nawe unalipa 3,090. Mwezi wa pili salio limepungua kidogo, kwa hiyo na kiwango unachotakiwa kulipa kinapungua, na ukifuata kiwango hicho kila mwezi bila kukosa hata mara moja, mwisho wa mwaka utakuwa umetoa karibu shilingi 33,000 mfukoni mwako huku deni likiwa limeshuka hadi 46,000 na ushei tu. Zaidi ya 19,000 kati ya pesa ulizotoa zimekwenda katika riba. Baada ya miezi 30 ya uaminifu huo bado utadaiwa zaidi ya 31,000. Sasa mtazame mtu wa pili, mwenye deni lilelile na riba ileile, ambaye alishikilia zile 3,090 za mwezi wa kwanza na akakataa kuzipunguza kila benki ilipompunguzia: katika miezi hiyo hiyo 30 atakuwa amemaliza kabisa. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza alisoma mstari wa malipo ya chini kama agizo, na wa pili aliusoma kama ruhusa asiyoihitaji.

Riba ya kadi yako huenda ikawa juu au chini ya asilimia 3, na kiwango cha chini cha malipo hutofautiana kati ya benki na benki. Tafuta tarakimu hizo mbili katika mkataba au uziulize tawini, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinategemea hizo.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni jambo la aina yake, na hapa ndipo nilipoangukia. Mashine ya boti letu iliharibika katikati ya msimu, fundi wa Mokowe alitaka pesa mkononi, nami nikaenda kwenye mashine ya kutolea pesa nikatoa 40,000 kwa kadi, nikiamini kwamba nina siku zangu arobaini na kitu za bure kama ilivyo kwa manunuzi. Sikuwa nazo. Pesa taslimu hutozwa ada ya kutoa papo hapo, na riba yake huanza kuhesabiwa siku ileile bila kungoja tarehe ya mwisho. Karani mmoja wa benki yangu alinieleza hayo kwa upole, miezi miwili baadaye, akinionyesha mstari wa maandishi madogo ambao nilikuwa nimeutia sahihi. Kwa hiyo shika hili: kadi ya mkopo ikiwa lazima itumike, itumike kununua, isitumike kutoa pesa.

Wenye nyumba za wageni wanaolipia huduma za mitandaoni kwa dola wakumbuke pia kwamba ubadilishaji wa fedha una gharama yake, ambayo huonekana katika taarifa kama sehemu ya bei na si kama ada, ndiyo maana haigunduliwi.

Andika madeni yote, si la kadi pekee

Ni nadra sana kumpata mtu mwenye deni la kadi peke yake. Chini ya kadi kuna Fuliza, ile huduma ya M-Pesa ya kutumia zaidi ya salio lako, chini ya Fuliza kuna M-Shwari, mkopo wa simu wa muda mfupi, pembeni kuna daftari la duka la mtaa, na nyuma ya yote kuna shemeji aliyekopesha kwa ajili ya harusi. Chukua daftari, uandike kila deni katika mstari wake: nani anakudai, kiasi kilichobaki, tarehe ya kulipa, na jambo ambalo wengi huliruka, yaani kila shilingi mia moja ya deni hilo inakugharimu shilingi ngapi kwa siku 30. Sisi wa huku tumeagizwa na dini kwamba deni liandikwe na lishuhudiwe, na bado watu wazima wenye biashara huniambia wanayo yote kichwani. Kichwani hukaa madeni yanayoaibisha. Yale ya gharama kubwa husahaulika.

Hesabu hiyo ya kila mia huleta mambo ya kushangaza. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kwa hiyo kila mia inakugharimu angalau 7.50, na usipolipa kwa wakati ada nyingine hufuata. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka mzima, ambayo hupanda hadi 9.5 kwa anayechelewa. Hiyo ni chini ya shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi. Sacco nyingi, yaani vyama vya akiba na mikopo, hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Duka la mtaa halitozi kitu, ingawa muuza duka ana njia zake za kukukumbusha.

Fuliza inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu tozo yake ya kila siku hupangwa kwa madaraja ya kiasi, haipandi sambamba na deni. Chukua mtu aliyezidisha matumizi kwa shilingi 3,000 na anayetozwa shilingi 25 kwa siku. Akikaa siku 30 atakuwa ametoa 750, yaani robo ya deni lenyewe, bila kuhesabu ada ya kuingilia. Mwenzake aliyezidisha kwa 30,000 katika daraja hilo hilo atatoa 750 hizo hizo, ambazo kwake ni asilimia 2.5. Deni dogo la Fuliza linalokaa muda mrefu ndilo ghali kupita yote yaliyomo katika daftari lako, ghali kuliko kadi mara nyingi, nalo ndilo watu wanalolidharau kwa kuwa ni elfu tatu tu.

Ziba kabla ya kuteka

Mwenye boti hateki maji kabla hajaziba tundu. Itoe kadi katika pochi uiweke nyumbani, na muhimu zaidi, ifute katika kila programu na tovuti ulikoihifadhi, kwa maana siku hizi kadi hutumika bila kushikwa mkononi. Iandikie benki ikupunguzie kikomo cha mkopo hadi kiasi unachodaiwa sasa. Hawatakushauri ufanye hivyo, ila ukiomba kwa maandishi hawana sababu ya kukataa. Ukiwa na maagizo ya malipo ya moja kwa moja, yachunguze. Watu wengi walijaza fomu siku ya kwanza wakidhani benki itakata salio lote, kumbe waliidhinisha malipo ya chini tu.

Fuliza ina tabia moja inayoharibu kila mpango: pesa yoyote inayoingia katika laini yako hukatwa kwanza kulipa kilichozidishwa. Mgeni akikutumia malipo ya safari ya kwenda Manda au Kipungani, uliyopanga yaende benki kesho, utakuta nusu imemezwa. Kwa hiyo lilipe deni hilo lote kwa mkupuo, kisha jiondoe katika huduma hiyo. Mwenye biashara anafaa kuwa na nambari ya kupokelea malipo ya wateja iliyotengwa na laini ya matumizi ya nyumbani. Najua mtu atauliza, na ikitokea dharura? Ndiyo maana kabla ya kuanza kulipa kwa nguvu ninamshauri kila mtu aweke kando shilingi 10,000 hivi, katika akaunti au kwa mama yake, mahali pasipo karibu na simu. Kutoka Lamu, mgonjwa anayehitaji kupelekwa Malindi au Mombasa anahitaji nauli ya boti hadi Mokowe na ya gari kutoka hapo usiku huohuo, na kama huna akiba hiyo utarudi kwenye kadi hata kama ulikwisha kuikata kwa mkasi.

Nani alipwe kwanza

Wapo wanaofundisha kuanza na deni dogo kuliko yote ili mtu apate moyo, na wapo wanaofundisha kuanza na deni ghali kuliko yote kwa sababu hesabu inataka hivyo. Mimi niko upande wa hesabu, kwa kuacha jambo moja. Fuliza itangulie, kwa sababu mbili zilizokwisha kuelezwa. Zifuate ada za mikopo ya simu ya muda mfupi, kisha kadi. Hustler Fund na mkopo wa sacco vilipwe kwa kiwango chake cha kawaida tu, bila kuongeza kitu, mpaka kadi imalizike. Kuharakisha kulipa mkopo wa asilimia moja huku wa asilimia tatu ukikungoja ni kupanga jahazi kwa kupakia shehena upande usiofaa.

Jambo hilo moja ni duka la mtaa. Deni la duka halina riba, kwa hiyo kihesabu lingekaa mwisho kabisa. Lakini muuza duka ndiye atakayekupa unga na mafuta mwezi wa Juni, kusi ikivuma na boti zimepandishwa, na benki haitakupa hata kiberiti. Mpelekee kitu kila mwezi, hata shilingi 500, na ufanye hivyo kabla hajauliza. Nimewahi kumwona kijana aliyelipa kadi yake kwa juhudi ya kusifiwa, akamsahau mwenye duka mwaka mzima, na kusi ilipofika akaambiwa daftari limejaa. Alirudi kwenye kadi ndani ya wiki mbili.

Mpango unaofuata upepo

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Ushauri mwingi kuhusu madeni umeandikwa kwa watu wa mshahara, nao husema gawanya deni kwa miezi, ulipe sawasawa kila mwezi. Mwenye kipato cha msimu akifuata hayo hushindwa mwezi wa tano, huona aibu, huacha mpango mzima. Afanye kinyume: apakie malipo katika miezi ya wageni, na katika miezi mikavu alipe kiwango cha chini na kidogo juu yake, bila kujilaumu, kwa kuwa ndivyo alivyopanga.

Turudi kwa deni la 60,000 kwa asilimia 3. Nahodha wetu analipa 12,000 kila mwezi kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Mwisho wa Machi deni limebaki kama 17,300. Aprili, Mei na Juni analipa 1,000 tu kila mwezi, kiasi kinachotosha kuvuka kiwango cha chini, na mwisho wa Juni anadaiwa 15,800 na ushei. Julai, likizo za Ulaya zinapoanza kuleta wageni, analipa 9,000, na Agosti anamaliza kwa 7,500 na kidogo. Jumla ya riba aliyolipa ni karibu 7,500 kwa miezi tisa. Angelipa 5,000 kila mwezi bila kubadilisha, angemaliza katika mwezi wa kumi na sita na riba ingekuwa zaidi ya 15,000, hata kama angeweza kuzipata zile 5,000 za mwezi wa Mei, jambo ambalo nina shaka nalo.

Siri yake ni kwamba pesa nyingi huingia mapema, wakati deni lingali kubwa, kwa hiyo kila mwezi unaofuata riba huhesabiwa juu ya salio dogo. Kinachohitajika ni nidhamu ya Januari. Januari ndio mwezi mgumu kupita yote kwa mtu wa Lamu, kwa sababu pesa zipo na karo za shule zipo, na baada ya miezi ya ukata kila mtu nyumbani ana jambo lililokuwa likisubiri. Ondoa fungu la benki siku ileile malipo ya mgeni yanapoingia, usingoje mwisho wa mwezi. Riba nyingi za kadi huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo kulipa mara tatu ndani ya mwezi mmoja kuna faida kuliko kulipa mara moja tarehe ya mwisho. Tena malipo yanayopita kwa simu huweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kuonekana katika hesabu ya kadi, na Ijumaa jioni si wakati wa kuyajaribu.

Sherehe nazo ziingizwe katika mpango mapema. Idd, Maulidi na harusi zinajulikana miezi kabla hazijafika, na kwa kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwa hesabu ya kalenda ya kawaida, Idd iliyowahi kuangukia msimu wa wageni itaangukia siku moja katikati ya masika. Tazama mwaka huu iko wapi. Mchezo wa chama chenu, zile pesa mnazochanga na kupokezana kwa zamu, pia unaweza kupangwa: omba zamu yako iwe mwezi ambao benki inakudai zaidi, na wenzako wakijua sababu mara nyingi watakubali. Kukopa harusi kulipa matanga, tunasema, ila huku wengi wamekopa harusi, wakakopa na harusi ya mdogo wao kabla ya kumaliza kulipa ya kwanza.

Kuzungumza na benki kabla haijakutafuta

Benki ina huruma zaidi kwa mtu anayekuja kabla ya kushindwa kulipa kuliko kwa anayetafutwa, na hili halitokani na wema. Mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbovu katika vitabu vyake, na meneja wa tawi hupendelea kupanga upya kuliko kuandika ubovu. Nenda na barua, wala usitegemee mazungumzo ya dirishani. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mimi ni mwenye kadi inayoishia na tarakimu zilizotajwa hapo juu, na ninadaiwa Sh 60,000. Kipato changu hutegemea msimu wa utalii, nacho hupungua sana kati ya Aprili na Juni. Ninaomba salio hili ligeuzwe kuwa mkopo wa muda maalumu wenye riba ya chini kuliko ya kadi, faini za kuchelewa zisimamishwe kuanzia tarehe ya barua hii, na kadi ifungwe kwa matumizi mapya. Ninaweza kulipa Sh 12,000 kila mwezi kuanzia Desemba hadi Machi, na Sh 1,000 kila mwezi kuanzia Aprili hadi Juni. Naomba jibu la maandishi."

Peleka nakala mbili, na moja irudi nawe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usiahidi kiasi ambacho hukukipata msimu uliopita. Na wakikubali kwa mdomo tu, rudi kesho yake ukadai karatasi, kwa kuwa karani huhamishwa na ahadi yake huhama naye.

Kuhamishia deni mahali pa nafuu

Mwanachama wa sacco anaweza kukopa kwa asilimia moja kulipa deni la asilimia tatu, na hilo ni jambo la busara likifanywa mara moja. Lina hatari mbili. Kwanza, kadi iliyolipwa inabaki hai na tupu, na mkono unajua njia. Ifunge siku hiyohiyo. Pili, sacco hutaka wadhamini, na ukishindwa anayekatwa ni jirani yako, ambaye mtaonana msikitini mara tano kwa siku. Kwa mwajiriwa, kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili. Anayekushawishi ukubali zaidi ya hapo anakuvunjia sheria.

Suala la riba kidini haliwezi kupitwa kimya mjini kwetu. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na wengi huja wakiuliza kama zinaweza kulipa deni la kadi kwa murabaha. Kwa kawaida haziwezi moja kwa moja, kwa sababu murabaha ni biashara ya bidhaa: benki hununua kitu, kisha hukuuzia kwa bei iliyokubaliwa na faida yake ikijulikana. Deni la pesa si bidhaa. Linalowezekana ni kuitumia kwa ununuzi ujao, kama mashine ya boti, badala ya kuuweka kwenye kadi kama nilivyofanya mimi. Karadha hasana ya jamaa, yaani mkopo usio na riba, ndiyo njia safi kuliko zote, nayo iandikwe, hata kati ya ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu dhahabu: kuiuza bangili inayokaa sandukuni ili kumaliza deni la asilimia 3 kwa mwezi ni uamuzi mzuri wa kihesabu. Lakini dhahabu ya mke ni mali yake, na mume aseme wazi kwamba anakopa kwake, kwa kiasi kilichopimwa na tarehe iliyotajwa. Hati ya shamba au ya nyumba usiipeleke kamwe kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoa pesa ndani ya saa moja.

Vitisho na haki zako

Kudaiwa si jinai. Mkusanyaji wa madeni anayekuambia kwamba polisi watakuja kesho asubuhi anakutisha tu. Njia ya mdai ni mahakama ya madai, ambako unapewa nafasi ya kusikilizwa na kupendekeza malipo kwa awamu. Barua ya mahakama, kwa upande mwingine, isipuuzwe hata siku moja, maana anayekaa kimya huhukumiwa bila kuwepo.

Kwa mikopo ya programu za simu, kanuni zilizotolewa mwaka 2022 chini ya Benki Kuu ya Kenya zinamtaka mkopeshaji awe na leseni, na zinamkataza kutisha, kutukana, au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Akifanya hivyo, hifadhi ujumbe wote, kisha lalamika Benki Kuu na katika ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019.

Kwa mikopo ya benki kuna kinga nyingine ambayo wachache huku wanaijua. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka wa riba baada ya mkopo kuwa mbovu: riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa wakati huo. Mkopo ukigeuka mbovu ukiwa na msingi wa 80,000, riba haiwezi kuvuka 80,000 nyingine, hata miaka ikipita, ingawa gharama halali za kukusanya deni huongezwa juu yake. Ukidaiwa laki tatu kwa deni kama hilo, omba hesabu yote kwa maandishi, mwezi kwa mwezi. Na kwa asiye na mali kabisa, anayedaiwa kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mtu asiye na mali ambao huweza kumwondolea madeni baada ya miezi 12. Ni njia ya mwisho, na haifai kuingiwa bila wakili.

Baada ya shilingi ya mwisho

Deni la kadi likionekana sifuri halijaisha. Riba ya siku kati ya taarifa na malipo huweza kubaki, mia mbili au tatu, na ikisahaulika huzaa faini. Subiri taarifa inayofuata, lipa kilichobaki, kisha omba barua ya kuthibitisha kwamba deni limemalizika na kadi imefungwa.

Ukiwa na barua hiyo mkononi, chukua ripoti yako ya CRB. Kenya ina masjala tatu za taarifa za wakopaji zenye leseni, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya kupata ripoti moja bure kila mwaka. Hakikisha deni limeandikwa kuwa limelipwa. Taarifa ya kushindwa kulipa hubaki hadi miaka 5 baada ya deni kumalizwa, lakini lazima ionyeshe ukweli, na kosa lolote waandikie mara moja ukiambatisha nakala ya barua. Risiti za mashine za benki usizitegemee. Kwa joto na chumvi ya hewa yetu, maandishi yake hufifia kabla ya msimu kwisha, kwa hiyo zipige picha siku unayozipokea, na barua yenyewe itie katika mfuko wa plastiki, ndani ya bati lenye kifuniko, pamoja na hati ya boti.